Glasi bila lebo: shajara ya kuonja wiski za Uskoti

Novemba 2024

Kwenye ukuta wa jiko letu hapa Glasgow kuna ramani niliyoibandika wiki ya kwanza tulipohamia. Inaigawa Uskoti kwa rangi tano: Highland, Lowland, Speyside, Islay na Campbeltown. Kando ya kila rangi imeandikwa ladha ya wiski ya mahali pale. Islay ni moshi. Speyside ni matunda na asali. Lowland ni wiski nyepesi. Campbeltown ni chumvi ya bahari. Highland ni kubwa mno, kwa hiyo imepewa karibu kila kitu.

Nimeiamini ramani hii miaka mitatu. Nimenunua chupa kwa kuifuata na wageni nimewaeleza mambo kwa kuinyooshea kidole. Sasa nataka kuipima. Nitaonja bila kuona lebo, na kila glasi nitaiuliza swali moja: umetoka wapi? Kama ramani inasema kweli, nitazidi kupatia kadiri pua inavyozoea.

Utaratibu tumekubaliana hivi. Mke wangu, Mama Neema, hanywi pombe kabisa, na ndiye anayemimina. Anabandika namba chini ya glasi na daftari la majibu linakaa kwake. Glasi ni zile za Glencairn, zenye tumbo pana na mdomo mwembamba unaokusanya harufu. Jumla isizidi sentilita sita kwa usiku mmoja, hata glasi ziwe ngapi. Ni Jumamosi tu, maji yanakaa kando, na Jumapili asubuhi gari halitoki. Tangu Desemba 2014 kikomo cha dereva huku Uskoti ni miligramu 50 za kilevi kwa mililita 100 za damu, wakati sehemu nyingine za Uingereza ni 80.

Gharama tunagawana wanne kazini. Kila mmoja ananunua mzinga wake, tunaugawa kwenye vichupa, tunabadilishana.

Mimi ni mtu wa Marangu. Wiski niliikutia harusini, Black Label mezani kwa wazee, nasi vijana tukiitia soda mpaka inapoteza rangi. Kuinywa kavu, taratibu, nikiisikiliza, nimejifunzia huku.

Desemba 2024

Jaribio la kwanza. Glasi tano, moja kwa kila rangi ya ramani: Auchentoshan 12 (namba ni umri kwa miaka) kwa Lowland, Glenlivet 12 kwa Speyside, Glenmorangie kwa Highland, Laphroaig 10 kwa Islay, Springbank 10 kwa Campbeltown. Tumerudia Jumamosi tatu, mpangilio ukibadilishwa kila mara. Majibu 15, niliyopatia 6.

Matatu kati ya hayo sita ni Laphroaig, na hiyo haihitaji ujuzi. Ukiisogeza tu puani unasikia Dettol, bandeji, iodini, na nyuma yake moshi wa jiko lenye kuni mbichi. Mama Neema aliinusa akasema, "Baba Neema, hii ni zahanati iliyoungua." Nimeyaandika maneno yake daftarini kama yalivyo, maana sijapata bora kuliko hayo.

Springbank nimeipatia mara mbili. Ina mafuta mdomoni, inakaa ulimini kama samli nyembamba, na ina moshi kwa mbali. Auchentoshan, Glenlivet na Glenmorangie zimenichanganya. Zote tatu zina vanila, zote zina matunda meupe, zote ni laini. Kwa siku tatu nimeita Glenlivet "Lowland" mara mbili. Nanasi lililoiva nililolisikia kwenye Glenlivet nililiandika vizuri kabisa, kisha nikalipeleka eneo lisilo lake.

Januari 2025

Mwezi umepotea karibu wote. Wiki ya kwanza mafua. Wiki ya pili tulikula pilau kabla ya kuonja, na kila glasi ikawa na iliki na bizari. Ukurasa huo nimeufuta. Kanuni mpya: chakula cha Jumamosi kiwe cha mapema na kisicho na viungo, wali mweupe au viazi.

Nimetumia muda huo kusoma sheria yenyewe, Kanuni za Wiski ya Uskoti za 2009. Ni maandishi makavu lakini yamenifaa kuliko vitabu vya picha. Wiski ya Uskoti lazima ikae isiyopungua miaka mitatu, ndani ya Uskoti, kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700. Haitiwi chupani ikiwa na kilevi chini ya asilimia 40. Haiongezwi kitu ila maji na karameli ya kuweka rangi. Umri ukiandikwa kwenye lebo, ni umri wa kinywaji kichanga kuliko vyote vilivyomo, hata kama kilichobaki ni kizee.

Kisha nikafika kwenye yale maeneo matano. Sheria inataja mipaka: kutoka wapi hadi wapi. Kuhusu ladha haisemi hata neno moja. Na mstari unaotenga Highland na Lowland una historia yake. Uliwekwa na sheria ya ushuru ya 1784, ili pande mbili zitozwe kodi tofauti. Mstari wa watoza ushuru mimi nimekuwa nikiusoma kama mstari wa ladha.

Februari 2025

Nimemwomba Mama Neema anitegee glasi tatu za Islay peke yake, nikijua ni Islay. Nilizipanga kwa ukali wa moshi. Ya kwanza, Dettol, nikaijua. Ya pili ilikuwa na karanga, chumvi kidogo na zabibu kavu, moshi hakuna. Ya tatu ilikuwa na shayiri mbichi, asali, limau, na nguvu nyingi za kilevi, moshi hakuna. Nikasema amekosea vichupa.

Hakukosea. Ya pili ni Bunnahabhain 12 na ya tatu ni Bruichladdich, ile ya chupa ya bluu yenye asilimia 50. Viwanda vyote viwili viko Islay tangu 1881, na wiski zao hizi hutengenezwa kwa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, kisichofukizwa moshi. Kisha hao hao Bruichladdich, kwa mitungi ile ile ya shaba ya kupikia (kukeneka) kinywaji, wanatengeneza Octomore, ambayo kimea chake kimefukizwa kuliko wiski nyingine yoyote kisiwani. Upepo ni mmoja, ukuta ni mmoja, bahari ni ile ile mbele ya lango. Chupa moja haina moshi na nyingine imejaa moshi mpaka kooni.

Usiku huo sikulala mapema. Kama kisiwa ndicho kinachotia moshi, hii ya bluu imeuepukaje?

Machi 2025

Lagavulin 16 na Caol Ila 12. Jozi hii nilipendekezewa na mzee jirani wa ghorofa ya chini, aliyefanya kazi ya kutengeneza mapipa ujanani. Alinishika bega akasema, "Kijana, acha kulinganisha vitu vinavyotofautiana kwa mambo kumi. Tafuta vinavyotofautiana kwa jambo moja." Ushauri huo umebadilisha mradi mzima.

Viwanda hivi viwili vyote viko Islay, vyote ni vya kampuni moja, na kwa desturi vyote huchukua kimea kutoka kiwanda cha kuotesha shayiri cha Port Ellen, kilichofunguliwa 1973, kikiwa kimefukizwa kwa kiwango cha karibu sawa. Na zote mbili zimetiwa chupani kwa asilimia 43. Kwa hiyo tofauti ya moshi kwenye kimea tuiweke kando.

Tofauti niliyoikuta ni kubwa. Caol Ila ni nyembamba na safi: moshi wa majivu baridi, limau, mafuta ya zeituni, samaki wa kukaushwa kwa mbali. Lagavulin ni nzito na nyeusi: chai ya rangi iliyochemka sana, tende, ngozi, moshi unaokaa mdomoni dakika kadhaa baada ya kumeza. Miaka minne zaidi ndani ya pipa inachangia, siwezi kukataa. Lakini sehemu kubwa iko kwenye mitungi. Lagavulin hupika polepole sana, mpiko wa pili ukichukua zaidi ya saa tisa. Caol Ila wana mitungi mikubwa ambayo hawaijazi sana, hivyo mvuke unapata nafasi ya kugusa shaba nyingi kabla haujatoka. Shaba hukamata vitu vizito, hasa vyenye salfa, na kinachotoka ni chepesi.

Nimeandika jambo moja kwa kalamu nyekundu: kile kipimo cha moshi ambacho wauzaji hukitaja kwa fahari, sehemu za fenoli kwa milioni, hupimwa kwenye kimea. Njiani kuelekea chupani nyingi hupotea. Namba inakuambia kilichoingia jikoni, si kilichofika mezani.

Aprili 2025

Campbeltown. Hii nitaiandika kwa kirefu.

Tulipanda basi kutoka Glasgow, safari ya zaidi ya saa nne. Barabara inafuata ufuo wa Loch Lomond, inapanda milimani, inashuka Inveraray, kisha inateremka rasi ya Kintyre na maji kulia. Neema alilala njia nzima. Mji wenyewe ni mdogo na una mapengo. Katika historia yake umewahi kuwa na viwanda vya wiski zaidi ya 30, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 vilibaki viwili tu, Springbank na Glen Scotia. Glengyle kilifufuliwa 2004. Viwanda hivyo vitatu ndiyo rangi nzima ya Campbeltown kwenye ramani yangu.

Springbank ilianzishwa 1828 na kila kitu hufanyika pale pale, kuanzia kuotesha shayiri hadi kutia chupani. Walitupeleka kwanza kwenye sakafu ya kuoteshea. Chumba kirefu chenye dari ya chini, na sakafuni shayiri iliyolowekwa imetandazwa kama mchanga ufukweni. Mfanyakazi mmoja alikuwa akiigeuza kwa koleo la mbao ili isipate joto kupita kiasi na mizizi isishikane.

Harufu ilinisimamisha mlangoni. Nilikuwa naijua. Ni harufu ya jiko la bibi yangu Marangu, siku alipofunua ulezi uliokuwa umelowekwa na kufunikwa majani ya mgomba mpaka ukachipua. Alikuwa akiuanika juani, akiusaga, akiupika uwe mso, kisha akauchanganya na maji ya ndizi zilizochemshwa ili ipatikane mbege. Sisi wajukuu tulifukuzwa tusichezee kimea. Neno lenyewe ni hilo moja, kimea, kwa ulezi wa bibi na kwa shayiri ya hawa. Na kazi ni ile ile: mbegu ikidhani imepandwa, inatengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga wake kuwa sukari, na mtu anaikatiza safari kwa kuikausha kabla haijala sukari yote.

Aliyekuwa akituongoza aliuliza kama kuna anayejua hatua hii. Nikamweleza habari za ulezi. Akasikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, "Na nyinyi mnakaushia nini?"

"Jua," nikamjibu.

"Sisi jua hatuna," akasema. "Tunakaushia moto, na mafuta ya moto wa zamani huku yalikuwa mboji."

Nilikaa na jibu hilo hadi jioni. Mboji ni mimea ya kinamasi iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka, inakatwa kama matofali na kukaushwa. Visiwani na kwenye rasi kama hii, ambako miti ilikuwa michache, ndiyo ilikuwa kuni. Moshi wake ulishika kwenye punje zilizokuwa bado na unyevu, na ukapita kwenye kila hatua hadi pipani. Kumbe Islay ilinuka moshi kwa sababu ya alichokuwa nacho mkaushaji. Mkaushaji akibadilisha kuni, Islay haina moshi. Na akitaka, mtu wa Speyside au Lowland atanunua mboji na kufukiza.

Springbank wenyewe ni ushahidi. Wana wiski tatu chini ya paa moja. Hazelburn hukaushwa kwa hewa moto tu, saa 30, na hupikwa mara tatu. Springbank hupata moshi wa mboji kama saa sita kisha hewa moto, na hupikwa kile wanachokiita mara mbili na nusu, yaani sehemu ya kinywaji hupitia mitungi mara mbili na sehemu mara tatu. Longrow hufukizwa hadi saa 48, hupikwa mara mbili.

Usiku, chumbani kwenye nyumba ya wageni, Mama Neema alinimiminia zote tatu. Nimepatia tatu kwa tatu. Hazelburn ni pea lililomenywa, krimu, nyepesi ulimini. Springbank ina ule usamli, chumvi, maganda ya chungwa, moshi wa jirani. Longrow ni moto wa ufukweni uliomwagiwa maji. Nimeulizwa swali la mkaushaji na swali la mitungi, na yote mawili nimeyajibu kwa pua. Swali la ramani lingenipa jibu moja kwa glasi zote tatu.

Juni 2025

Maji. Kwa kifupi, matone matatu manne kwenye sentilita mbili yanatosha kuifungua wiski yenye asilimia 46 na kuendelea. Wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Sweden, Karlsson na Friedman, walichapisha 2017 hesabu za kompyuta zinazoonyesha kwamba guaiakoli, moja ya vitu vinavyotoa harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji pale kilevi kinapokuwa hadi asilimia 45 hivi, na kilevi kikizidi sana huzama ndani. Ile ya Bruichladdich ilibadilika mbele yangu: kavu ilikuwa pilipili, kwa matone matano ikatoa maua na asali ya nyuki wadogo. Laphroaig ya asilimia 40 ilipooza tu, haikupata faida. Zenye 40 sasa naziacha kavu.

Julai 2025

Mapipa, na hapa ndipo mzee jirani alikuja kukaa nasi jikoni.

Alianza na sheria ya Marekani: wiski ya bourbon lazima iwekwe kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani. Wakishalitumia pipa mara moja wanaliuza, na mengi hufika Uskoti. Hilo ni pipa la kama lita 200, linatoa vanila, nazi, asali. Pipa la sheri, mvinyo wa Uhispania, ni kubwa, hufika lita 500, na hutoa zabibu kavu, lozi, mdalasini, ukakasi kwenye fizi. Zamani mapipa hayo yalifika Uingereza yakiwa yamebeba sheri ya kuuzwa. Tangu sheri ianze kutiwa chupani Uhispania kwenyewe, watengenezaji wa wiski wanaagiza mapipa yalowekwe sheri kwa ajili yao.

"Kila mwaka malaika huchukua fungu lao," mzee alisema, akiwa na maana ya mvuke unaotoroka pipani, karibu asilimia mbili kwa mwaka. Akaongeza kwamba alipokuwa kazini alilijua pipa bovu kwa kuligonga na kusikiliza.

Jozi ya mwezi: Glenmorangie ya kawaida, ya mapipa ya bourbon, na Glenmorangie Lasanta, iliyomalizia ukuaji kwenye mapipa ya sheri. Kiwanda kimoja, mitungi ile ile yenye shingo ndefu kuliko zote Uskoti, zaidi ya mita tano, inayotoa kinywaji chepesi. Ya kwanza ni chungwa na vanila. Ya pili ni keki ya Krismasi. Ningewekewa bila kuambiwa, ningesema ni maeneo mawili. Nikaongeza Glenfarclas 15 kando, ya Speyside, ya sheri, na Lasanta ikawa inafanana nayo kuliko inavyofanana na ndugu yake wa tumbo moja.

Rangi nimeacha kuiandika kabisa. Karameli inaruhusiwa, kwa hiyo wekundu wa glasi hauniambii kitu ninachoweza kukitegemea.

Agosti 2025

Likizo Marangu. Daftari lilibaki Glasgow.

Septemba 2025

Jaribio la mwisho. Glasi sita za sentilita moja moja, amezichagua Mama Neema peke yake kwenye kabati lote. Swali la "umetoka wapi" nimeliondoa. Kila glasi nimeiuliza matatu: kimea kilikaushwa kwa moshi au bila moshi? Kinywaji kilitoka mtunguni kizito au chepesi? Pipa ni la bourbon au sheri? Majibu 18, niliyopatia 14. Makosa matatu ni ya pipa, moja ni la uzito.

Daftari nimelipanga upya kwa maswali hayo. Bunnahabhain imehamia karibu na Glenfarclas, maana mapipa ya sheri yanaonekana kote kuwili. Auchentoshan inayopikwa mara tatu imekaa ukurasa mmoja na Hazelburn, ingawa kati yao kuna basi la saa nne. Caol Ila bado inanigawanya, nimeiandika kurasa mbili. Ramani imebaki ukutani. Inanifaa kupanga safari.

Glasi ya sita niliiandikia hivi, neno kwa neno: "Moshi kidogo, wa majivu, unafanana na Caol Ila. Asali. Zabibu kwa mbali. Kinywaji chepesi, kuna ulaini wa vanila nisioujua unatoka wapi. Naipenda. Nipe tena."

Mama Neema aligeuza chupa. Ilikuwa Black Label. Caol Ila ni moja ya wiski zinazoingia humo, na ulaini ule ni wa wiski za nafaka, kama ngano au mahindi, zilizopikwa kwenye mtambo wa mnara, wa aina aliyoipatia hataza Aeneas Coffey mwaka 1830, ambazo sijawahi kuzionja peke yake hata siku moja.

Kwa hiyo awamu ya pili inaanza na nafaka. Vichupa vitatu nimeshaagiza.